Je, Wajua? Harusi Iliyoishia Gerezani

Je, wajua kuna watu waliowahi kukata tiketi zote za ndege moja wakisema wanaenda harusini, na harusi yenyewe haikuwepo? Ilikuwa Juni 1970 mjini Leningrad, katika Muungano wa Kisovieti. Wayahudi waliotaka kuhama nchi walikuwa wakinyimwa ruhusa, na wengine walipoteza kazi kwa sababu tu waliomba. Watu 16, wengi wao Wayahudi, wakapanga kuichukua ndege ndogo ya abiria 12 na kuirusha hadi Uswidi. Rubani wao, Mark Dymshits, aliwahi kurusha ndege za jeshi. Walikuwa wamebeba hata mifuko ya kulalia, ili marubani watakaofungwa kamba na kuachwa njiani wasiumwe na baridi.

Hawakuruka. Polisi wa siri wa KGB walishapata habari, na Juni 15 wakawanasa kabla hawajaingia ndegeni. Desemba mahakama ikawahukumu kifo Dymshits na Eduard Kuznetsov. Mke wa Kuznetsov, Sylva Zalmanson, mwanamke pekee kizimbani, akapewa miaka 10. Dunia ikapiga kelele, na kabla ya mwaka kwisha hukumu ya kifo ikabadilishwa kuwa miaka 15. Utekaji wa ndege siwezi kuusifu. Lakini serikali inayomfanya raia aone hana mlango mwingine wa kutokea, hiyo nayo ina kesi ya kujibu.

Je, wajua ni nani aliyetengeneza filamu ya hali halisi kuhusu mkasa huo? Ni Anat Zalmanson-Kuznetsov, binti wa Sylva na Eduard. Filamu hiyo, Operation Wedding, ilitoka mwaka 2016, yaani mtoto aliwaketisha wazazi wake mbele ya kamera wakasimulia. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu linatuhusu sisi wa Thika na Ruiru.

Je, wajua mwezi mmoja ulileta uhuru sehemu mbili zisizojuana? Aprili 27, 1979, Kuznetsov na Dymshits waliachiliwa katika mabadilishano ya wafungwa na Marekani. Siku 16 kabla ya hapo, Aprili 11, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yaliingia Kampala na utawala wa Idi Amin ukaanguka. Jioni hiyohiyo Wayahudi kote duniani walikuwa wakianza Pasaka, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Uganda inao Wayahudi wake: Abayudaya wa Mbale, si mbali na mpaka wetu wa Busia na Malaba. Jamii hiyo ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewahi kuwatumikia Waingereza. Amin alipopiga marufuku dini yao, sinagogi zikafungwa, na waliobaki wakaomba Mungu kwa kujificha. Gershom Sizomu, ambaye baadaye alikuwa rabi na mbunge, ameeleza jinsi baba yake alivyokamatwa kwa ajili ya ibada, familia ikalazimika kutoa mbuzi ili aachiliwe. Jamii iliyokuwa na watu kama 3,000 ilibaki na takriban 300. Hao 300 ndio walioanza upya.

Je, wajua Gilgil yetu hapa Kenya iliwahi kuwa kambi ya Wayahudi waliofukuzwa Palestina na Waingereza? Kuanzia Oktoba 1944 serikali ya kikoloni iliwapeleka uhamishoni Eritrea, kisha Sudan, kisha Eritrea tena, watu iliowashuku kuwa wa Irgun na Lehi, vikundi vya siri vya Kiyahudi vilivyopigana na utawala wa Waingereza. Machi 1947 wakaletwa Gilgil. Walizuiliwa bila kufikishwa mahakamani. Tuseme ukweli wote: vikundi hivyo vilitumia mabomu, na lile la Irgun katika hoteli ya King David, Jerusalem, Julai 22, 1946, liliua watu 91. Lakini ndiyo sababu ya kuwa na mahakama, ili mwenye damu mikononi atenganishwe na aliyeshukiwa tu.

Huko kizuizini Meir Shamgar alisomea sheria kwa njia ya posta, na baadaye akawa rais wa Mahakama ya Juu ya Israeli. Yaakov Meridor na wenzake 5 walitoroka Gilgil Machi 1948, wakapitia Kongo ya Wabelgiji hadi Ulaya. Waliobaki walifika Israeli Julai 12, 1948.

Miaka 4 tu baadaye, Oktoba 20, 1952, Waingereza haohao walitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya, na safari hii kizuizi bila kesi kikawaangukia wenyeji. Kati ya Ruiru na Kiambu liko gereza la Kamiti. Humo walifungwa wanawake wa Mau Mau, vuguvugu lililopigana na Waingereza kutoka msituni, na humo ndimo kiongozi wake Dedan Kimathi alimonyongwa Februari 18, 1957, akazikwa pasipo alama. Zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa kwa nguvu kutoka mashambani mwao na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na ua.

Je, wajua ushahidi wa wazee ulivyofika mbali? Wazee wachache wa Kenya waliposhtaki London na kueleza waliyotendewa kambini, Waingereza walikubali Juni 2013 kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228. Nyaraka zilizofichwa Uingereza zilisaidia, lakini wa kwanza kusema walikuwa wazee wenyewe. Wengi wao wameshazikwa tangu hapo.

Sasa ndiyo maana ninarudi kwa yule binti wa Sylva na Eduard, aliyewarekodi wazazi wake. Wewe unayesoma hapa Makongeni, Juja, Gatundu au Kamakis, simu iliyo mfukoni mwako inarekodi vizuri kabisa. Kama shosho au guka bado yuko, aliyewahi kuchimba mtaro wa kijiji au kupeleka chakula msituni, nenda Jumapili hii. Mwulize jina la kambi, jina la chifu, walikula nini, nani hakurudi. Mwache aseme kwa Kikuyu, usimkatize. Kisha nakili rekodi hiyo mahali pawili, simu isije ikaibiwa matatuni.