Rimiksi bila ruhusa: wimbo ukichezesha dunia, feza ni za nani?

Mwaka 2019, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akifanya kazi kwenye reli katika muji mudogo wa Aksu, inchini Kazakhstan, alikamata wimbo wa mutu mwingine na kuubadilisha kwenye ordinatere yake. Hakuwa na ruhusa. Mwaka 2021, rimiksi ile ilipata Grammy.

Kijana huyo ni Imanbek Zeikenov. Wimbo ni « Roses » wa SAINt JHN, mwimbaji wa Brooklyn, Marekani. Ulikuwa wimbo wa polepole na wa huzuni, wa kusikiliza usiku ukiwa peke yako. Imanbek aliuharakisha, akapandisha sauti ya mwimbaji mpaka ikawa nyembamba, kisha akaongeza bass na ngoma nzito. Alimwandikia SAINt JHN kwenye Instagram lakini hakupata jibu. Akaitia rimiksi kwenye intaneti.

Wasikilizaji ndio walioisukuma, na kisha kampuni ya muziki ikaitoa rasmi. Machi 2020 ilishika nafasi ya 1 Uingereza, na huko Marekani ikafika nafasi ya 4 kwenye Billboard Hot 100.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1990, Waingereza wawili wenye kujiita DNA walichukua « Tom's Diner », wimbo ambao Suzanne Vega aliuimba bila chombo hata kimoja, wakaupandisha juu ya ngoma za kuchezea. Walichapisha sahani bila kuuliza mutu. Kampuni ya A&M ingeweza kuwashitaki. Badala yake ilinunua rimiksi na kuitoa yenyewe. Ilifika nafasi ya 2 Uingereza na ya 5 Marekani.

Lakini ma-DJ wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wasidanganyike. Hao ni wachache wenye bahati, na mlango ulifunguliwa na wenye wimbo. Kila wimbo una haki mbili: ya aliyeutunga na ya aliyelipia kuurekodi. Mmoja wao akikataa, rimiksi inaweza kuondolewa kwenye intaneti, ama mapato yake yote yakaenda kwake, hata kama DJ alikesha siku kumi akiitengeneza.

Kwetu Kongo pia sheria iko: ile ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na SOCODA njo shirika lenye kuzisimamia. Kwa hiyo DJ mwenye kutaka kuchezesha wimbo wa huzuni wa jirani yake aanze na jambo rahisi: amutafute, waandikiane karatasi, na waelewane mbele ni nani atapata ngapi. Imanbek aliandikia mutu wa mbali sana, hakujibiwa. Mwimbaji wa mutaa wako, utamupata leo jioni.