Mibaruti ya Bustani na Hatari ya Pepopunda

Kama unaishi Fedha na una kijibustani kinachopigwa na jua kutwa, ekinopsi litakufaa. Huu ni mbaruti wa mapambo wenye vichwa vya duara vya rangi ya samawati, na jamaa zake humea porini katika milima ya Kenya. Hufikia mita moja au zaidi, huvumilia ukame na hudumu miaka kadhaa. Kinachoushinda ni maji kutuama mizizini. Udongo wetu mweusi wa Embakasi hushika maji, kwa hivyo inua tuta na uchanganye kokoto kabla ya kupanda.

Lakini mimi ni daktari, na kinachonishughulisha zaidi ni miiba yake. Viini vya pepopunda huishi udongoni na katika samadi. Tundu dogo lisilotoa hata damu huvifaa sana, kwa kuwa hustawi pasipo hewa. Dalili huanza kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 21: taya hukaza, kumeza kukawa taabu.

Akina mama wengi huchanjwa kliniki wanapokuwa wajawazito. Akina baba je? Wengi hawajadungwa tangu utotoni, nao ndio hao wanaolima Jumamosi bila glavu!

Ukichomwa, toa mwiba na uoshe kwa sabuni na maji mengi. Usipake majivu wala mafuta ya taa. Ikiwa chanjo yako ya mwisho imepita miaka 5, au huikumbuki, nenda zahanati siku hiyo hiyo.