Nani alikuambia uyoga unapenda giza?

Mimi niliambiwa na kila mtu. Video za mtandaoni zilisema hivyo, majirani wakasema hivyo, na jamaa mmoja wa mtaa ambaye hajawahi kupanda hata sukuma wiki akaniapia kabisa. Kwa hivyo nilipoamua kulima uyoga wa oyster, kitu cha pili nilichonunua baada ya mbegu kilikuwa karatasi nyeusi ya kuziba dirisha.

Kama unaijua Makongeni hii yetu ya nyumba za reli, unajua nafasi si kitu tunachojivunia. Nyuma ya nyumba mama alikuwa na kibanda cha mabati anachokitumia kama stoo. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kukataa, na nilikuwa nimeweka elfu kumi na mbili za kazi ya mjengo. Nikamwomba kibanda. Akakubali kwa sharti moja: gunia lake la mahindi kutoka ushago, Makueni, libaki pale pale kwenye kona.

Likumbuke hilo gunia. Tutalirudia.

Nilichemsha nyasi kavu za ngano kwenye pipa, nikajaza mifuko 40, nikachanganya na mbegu, nikafunga mlango. Wiki tatu baadaye mifuko ilikuwa myeupe kama pamba. Nikaanza kupiga hesabu za hoteli nitakazouzia. Halafu uyoga ukatoka, na sijui kama ningeuita uyoga. Vilikuwa vijiti virefu, vyembamba, vimejikunja kama tambi, na juu vina kofia ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Mama alichungulia akaniuliza, "Mwanangu, hizi ndizo watu hununua?"

Hakuna aliyenunua. Elfu kumi na mbili zikaenda hivyo.

Nilituma picha kwa mama mmoja anayelima uyoga upande wa Kiambu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Fungua dirisha, kijana wangu. Unatafuta hewa na mwanga."

Hewa niliielewa haraka. Uyoga unapumua kama sisi, na kibanda kikifungwa kaboni dayoksaidi hujaa, shina linarefuka na kofia haipanuki. Lakini mwanga? Uyoga si mmea. Hauna majani, haupiki chakula kwa jua. Unautakia nini mwanga? Hilo swali lilinimalizia bando hadi saa nane usiku.

Mwanga ni habari

Hebu tuweke hivi. Kwa mmea, mwanga ni ugali. Kwa kuvu, mwanga ni habari.

Kuvu, yaani jamii nzima ya uyoga na ukungu, huishi muda mwingi kama nyuzi ndani ya udongo, mti au mkate. Humo ndani ni giza. Siku uzi unapokutana na mwanga, kuvu inajua imefika nje, mahali penye upepo ambapo mbegu zake zinaweza kuruka. Ndio wakati wa kutengeneza kofia na kumwaga mbegu. Bila hiyo habari, shina linaendelea kurefuka likitafuta mlango. Vile vijiti vyangu vilikuwa vinatafuta mlango ambao mimi mwenyewe niliuziba.

Sasa, kuvu haina macho. Inajuaje? Kwa protini.

Wanasayansi walilijua hili hasa kupitia ukungu wa rangi ya chungwa uitwao Neurospora, ule ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1843 baada ya kusumbua waoka mikate wa Paris. Nyuzi zake zikipigwa na mwanga hugeuka rangi ya chungwa. Lakini kulikuwa na aina fulani zilizoharibika jeni ambazo nyuzi zake zilibaki nyeupe hata zikiangaziwa vipi. Zikapewa jina White Collar, kola nyeupe, na protini zinazotokana na jeni hizo zikaitwa WC-1 na WC-2.

WC-1 ndiyo jicho lenyewe. Imebeba kijimolekuli kinachotokana na vitamini B2, na mwanga wa buluu ukikigusa, protini inabadilika umbo. Mwaka 2002 watafiti nchini Marekani walithibitisha kwamba ni yenyewe inayonasa huo mwanga. Ikishirikiana na mwenzake WC-2, inashika DNA na kuwasha jeni zinazohitajika. Fikiria msimamizi wa mjengo anayepokea simu ya mwenye ploti kisha anawaita vibarua: wewe zege, wewe mawe, anza! Hao wawili ndio msimamizi. Na kuna protini ya tatu, Vivid, kazi yake ni kumtuliza msimamizi asipige kelele mchana kutwa kwa habari ile ile.

Kilichonimaliza ni utafiti kutoka Japani juu ya uyoga mdogo uitwao Coprinopsis. Uyoga huo una jeni inayofanana na ile ya WC-1. Jeni hiyo ikiharibika, uyoga unatoa shina refu na kofia isiyokua, hata ukiuweka kwenye mwanga. Yaani uyoga kipofu. Niliposoma maelezo hayo niliona kibanda changu. Wao walikuwa na uyoga usio na jicho. Mimi wangu ulikuwa na jicho zima, nikaufunga kitambaa.

Turudi kwa gunia

Siku ya kutupa ile mifuko, nilisogeza gunia la mama. Chini, upande uliogusa ukuta, mahindi yalikuwa yameshika ukungu wa kijani unaoelekea manjano. Unajua nilichofanya? Kwa wiki nzima nilikuwa nanyunyiza maji ndani ya kibanda ili uyoga upate unyevu. Na mahindi yakaupata.

Ukungu wa aina ile unaweza kuwa Aspergillus flavus, ule unaotengeneza sumu ya aflatoxin. Jamii hii ya Aspergillus nayo ina protini yake ya kusoma mwanga na giza, inaitwa VeA. Hii inafanya kazi kinyume. Kwenye mwanga, nyingi ya VeA hubaki nje ya kiini cha seli. Giza likiingia, nayo inaingia kwenye kiini na kukutana na wenzake wawili, VelB na LaeA. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa kwa ndugu yake A. nidulans, ulionyesha kwamba watatu hawa kwa pamoja huamua mambo mawili kwa mpigo: kuvu ikue kwa njia gani, na itengeneze kemikali gani, sumu zikiwemo. Kwa A. flavus yenyewe, watafiti walipoiondoa jeni ya VeA, utengenezaji wa aflatoxin ulikoma.

Kwa sisi wa Kenya hii si hadithi ya maabara. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoxin yaliwaingiza watu 317 kwenye orodha ya wagonjwa kufikia Julai, na 125 kati yao walifariki. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Mimi nilikuwa mtoto. Mama anakumbuka mazishi.

Sasa usitoke hapa ukisema ati ukimulika gunia kwa taa umepona. Hapana. Mwanga hauingii katikati ya gunia, na sumu ikishatengenezwa inabaki. Kupika ugali hakuiondoi. Kinachoipa kuvu nafasi kwanza ni unyevu, ndio maana wataalamu husisitiza mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu. Na macho yako hayawezi kukuambia ukungu upi una sumu na upi hauna. Hiyo ni kazi ya maabara.

Mama alilitazama lile gunia kwa muda. Lilikuwa na nusu nzima, na mwezi ulikuwa katikati. Jirani akasema, kwa nia njema, "Mama, usitupe, wape kuku." Lakini sumu hii huwadhuru mifugo pia, na ng'ombe akiila hutokea kwenye maziwa. Tukachimba shimo, tukazika nusu gunia la chakula. Hakunilaumu. Alisema tu, "Wakati mwingine uliza kabla ya kufunga dirisha."

Mzunguko wa pili nilianza na mifuko 15. Nyuzi zinaposambaa siwashi taa, hazihitaji. Uyoga ukianza kuchomoza nafungua dirisha lililowekwa wavu, mwanga unaingia wa kutosha kusoma gazeti, bila jua kupiga moja kwa moja. Kofia zikatoka pana kama kiganja. Niliuza zote kwa mama wa kibanda cha chakula hapa mtaani na majirani wawili. Sijatajirika, lakini deni la mama nimelipa, gunia jipya, kavu. Liko ndani ya nyumba, juu ya mbao.

Na wewe, gunia la kutoka ushago umeliweka wapi? Nenda ukalisogeze uangalie chini yake. Leo, si kesho.