Si Kila Homa ya Mwea ni Malaria

Mtu aliyekulia Mwea anaijua malaria kama anavyoujua mpunga. Tangu mifereji ya umwagiliaji ichimbwe miaka ya 1950, mbu hawajakosa pa kuzalia, na anayeamka na homa na kichwa kinachomgonga hupimwa malaria kwanza. Desturi hiyo imeokoa wengi. Lakini mwanafunzi anayeishi hosteli Kutus, Karatina au Nyeri akiishia hapo, anaweza kupoteza saa ambazo homa ya uti wa mgongo haimpi.

Ugonjwa huu ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Vijidudu vinavyouleta ni vingi. Wa kuogopwa zaidi hosteli ni bakteria aitwaye meningokoka. Hukaa puani na kooni, na kwa kawaida takriban mtu 1 kati ya 10 humbeba bila kuugua. Huhama kwa matone ya mate: kukohoa, kubusiana, kukaa karibu kwa muda mrefu. Nje ya mwili hadumu, kwa hiyo kumwaga dawa sakafuni hakusaidii kitu.

Sasa fikiria juma la kufungua chuo. Vijana wa kaunti mbalimbali wanalala chumba kimoja, na baridi ya mlima ikiuma, dirisha halifunguliwi. Mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, watafiti waliwapima makoo wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Siku ya kwanza, waliombeba bakteria huyu walikuwa asilimia 6.9. Siku ya nne, asilimia 23.1. Wengi wa wabebaji hawaugui kamwe, ila kila anayempokea kwa mara ya kwanza yumo hatarini kwa siku chache.

Eneo letu liko nje ya ule ukanda wa uti wa mgongo unaoanzia Senegal hadi Ethiopia. Hilo lisitufariji sana: Nairobi nayo iko nje ya ukanda huo, na mwaka 1989 mlipuko uliwapata watu zaidi ya 3,000. Wala chanjo za utotoni si kinga hapa. Ile ya mseto iliyoanza Kenya mwaka 2001 na ya nimokoka ya 2011 huzuia aina nyingine za uti wa mgongo, si hii. Chanjo ya meningokoka ipo. Mahujaji huchanjwa kabla ya kwenda Makka. Naamini wanaoingia hosteli wanastahili kuelezwa habari zake.

Dalili huja upesi: homa, kichwa kisichovumilika, shingo ngumu, kutapika, kuchukia mwanga, kuchanganyikiwa. Huenda madoa yasiyofifia ukiyabonyeza yakatokea. Kwa ngozi nyeusi yatafute viganjani, nyayoni na ndani ya kope. Asiyetibiwa ana uwezekano wa kufa unaofikia nusu. Hata kwa matibabu, takriban 1 kati ya 10 hufa, na baadhi ya wanaopona hubaki viziwi.

Kipimo kikionyesha malaria, bado shingo ngumu haijapata maelezo. Mwambieni daktari kwamba mgonjwa anaishi hosteli, na ugonjwa ukithibitishwa, wenzake wa chumbani wapewe antibiotiki ya kinga mara moja.

Wewe unayelala kitanda cha pili, mwenzako akianza kuongea ovyo usiku, usimwache alale ili apumzike. Tafuta gari, mpeleke hospitali usiku huohuo.