Safari ya Chuo Kikuu Huanza Kidato cha Tano: Yanayopaswa Kuandaliwa Kabla ya Matokeo

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha sita, maelfu ya familia nchini huanza kujiuliza swali moja: kijana wetu ataingia chuo gani? Swali hilo ni la msingi, lakini mara nyingi huulizwa kwa kuchelewa. Sehemu kubwa ya jibu lake huwa imekwishaamuliwa na tahasusi ambayo mwanafunzi aliichagua, na majina yaliyoandikwa katika vyeti vyake, na iwapo cheti chake cha kuzaliwa kimehakikiwa au bado kimefungiwa sandukuni nyumbani.

Muda uliopo kati ya mtihani na chuo ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei. Baada ya hapo, vijana wanaoitwa hujiunga na mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013 baada ya kusitishwa mwaka 1994. Matokeo hutangazwa mwezi Julai, maombi ya udahili hufunguliwa muda mfupi baadaye, na mwaka wa masomo huanza kati ya Oktoba na Novemba. Katika kipindi hicho kifupi, kijana anatakiwa kuchagua programu, kuomba nafasi, kuomba mkopo na kuthibitisha udahili, huku baadhi ya wiki hizo akiwa kambini.

Lipo pia suala la gharama. Kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023, Serikali ilifuta ada kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita katika shule za umma. Hatua hiyo imewapunguzia wazazi mzigo mkubwa, lakini ina maana kwamba familia nyingi hukutana na ada kwa mara ya kwanza baada ya miaka kadhaa pale kijana anapopata barua ya kujiunga na chuo. Familia isiyojiandaa mapema hujikuta ikiuza mazao au mifugo kwa bei ya haraka, au ikimwacha kijana akose nafasi aliyoipata kwa jasho lake.

Tahasusi hufungua milango na kuifunga

Uamuzi wa kwanza mkubwa kuhusu chuo hufanyika kabla mwanafunzi hajaingia kidato cha tano, pale anapochagua tahasusi. Mwaka 2024 idadi ya tahasusi iliongezwa kutoka 16 hadi 65, hatua iliyopanua wigo wa masomo ambayo mwanafunzi anaweza kuyaunganisha. Hata hivyo, uchaguzi unapokuwa mpana, haja ya kuchagua kwa uangalifu nayo huongezeka.

Vyuo vikuu havidahili kwa kuangalia ufaulu wa jumla pekee. Kila programu ina masomo yake ya lazima. Anayetaka kusomea udaktari wa binadamu anahitaji ufaulu katika Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu, kwa kiwango kisichopungua alama D katika kila somo. Mwanafunzi aliyesoma Kemia, Biolojia na Jiografia, hata akipata alama A katika masomo yote, hatakuwa na sifa hiyo. Vivyo hivyo, programu nyingi za uhandisi hutazama Fizikia na Hisabati ya Juu, na baadhi ya programu za biashara na teknolojia ya habari huangalia pia ufaulu wa Hisabati wa kidato cha nne.

Chombo cha kumwongoza mwanafunzi katika jambo hili kipo, nacho hupatikana bila malipo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanza kazi mwaka 2005, huchapisha kila mwaka mwongozo wa udahili katika tovuti yake. Mwongozo huo huorodhesha vyuo na programu zilizoidhinishwa, sifa zinazotakiwa na idadi ya nafasi. Mwanafunzi wa kidato cha tano hahitaji kusubiri mwongozo wa mwaka atakaohitimu. Akisoma uliopo sasa atajua ni masomo gani yanahitajika katika fani anayoitaka, ingawa atapaswa kuhakiki tena sifa hizo mwaka wake utakapofika.

Daraja pekee halitoshi

Jambo ambalo huwachanganya wazazi wengi ni tofauti kati ya daraja la ufaulu na sifa ya kudahiliwa. NECTA hukokotoa daraja kwa pointi ambazo zikiwa chache ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, na 18 hadi 19 la nne.

Udahili wa chuo kikuu hutumia hesabu inayokwenda kinyume. Hapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini kwa shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, na masomo hayo yawe yale yanayotambuliwa na programu inayoombwa.

Mathalani, wanafunzi wawili wamepata daraja la tatu, kila mmoja kwa pointi 15. Wa kwanza ana E katika masomo yote matatu. Wa pili ana D mbili na F moja. Katika karatasi ya matokeo wanaonekana sawa, na huenda mzazi wa yule wa kwanza akafurahi zaidi kwa kuwa mwanawe hakufeli somo lolote. Lakini kwa hesabu ya udahili, masomo mawili bora ya mwanafunzi wa kwanza yanampa pointi 2 tu, hivyo hana sifa ya kujiunga na shahada. Wa pili ana pointi 4.0 na anaweza kuomba, ilimradi masomo aliyofaulu yawe ndiyo yanayotakiwa.

Mfano huu haumaanishi kwamba mwanafunzi alitupe somo moja kwa makusudi, kwani kiwango cha chini hakimhakikishii mtu nafasi, na programu zenye waombaji wengi huchukua waliofaulu zaidi. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anapaswa kujua mapema ni masomo yapi mawili yanayobeba fani yake na kuyapa uzito unaostahili tangu mitihani ya muhula wa kwanza.

Maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni

Tangu mwaka wa masomo 2017/2018, waombaji wa shahada ya kwanza hutuma maombi moja kwa moja katika vyuo wanavyovitaka, tofauti na awali ambapo maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa pamoja. Mwombaji anaweza kuomba zaidi ya chuo kimoja, na anaweza kudahiliwa katika zaidi ya kimoja. Akidahiliwa hivyo, hutakiwa kuchagua chuo kimoja na kuthibitisha kwa kutumia namba maalumu ya siri anayotumiwa kwa ujumbe wa simu au barua pepe.

Hapa ndipo jambo linaloonekana dogo huwa kubwa. Mwombaji aliyetumia namba ya simu ya rafiki, ya mhudumu wa duka la intaneti au laini ambayo haitumiki tena anaweza kukosa ujumbe huo na kujiweka katika hatari ya kupoteza nafasi. Ni vyema kila mwanafunzi awe na barua pepe yake mwenyewe, akumbuke nywila yake, na atumie namba ya simu itakayokuwa hewani kwa kipindi chote cha udahili. Aidha, namba ya siri haipaswi kupewa mtu anayejitambulisha kuwa wakala wa kutafuta nafasi za vyuo.

Majina na vyeti

Nyaraka ndizo huwachelewesha waombaji wengi, hasa wa mikopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), au na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa waliozaliwa Zanzibar. Kwa mwombaji aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho huhakikiwa kwa utaratibu huo. Kijana ambaye mzazi wake alifariki miaka mingi iliyopita na kifo hakikusajiliwa anahitaji muda wa kutosha kufuatilia usajili, na wiki mbili kabla ya dirisha la maombi kufungwa si muda wa kutosha.

Majina nayo yanahitaji kuangaliwa mapema. Mwanafunzi aweke mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba au kitambulisho cha Taifa kwa aliyefikisha miaka 18, kisha alinganishe herufi kwa herufi. Kama cheti kimoja kinasema Mohamed na kingine Muhammad, au jina la babu lipo katika kimoja na halipo katika kingine, ni wakati wa kuuliza mamlaka husika iwapo panahitajika marekebisho, hati ya kiapo au hati ya kubadili jina.

Namba ya mtihani wa kidato cha nne nayo ihifadhiwe vizuri. HESLB huwataka waombaji watumie namba ileile katika maombi ya udahili na ya mkopo. Aliyerudia mtihani na kuwa na namba mbili, akitumia moja chuoni na nyingine katika ombi la mkopo, huufanya mfumo ushindwe kumtambua kuwa ni mtu mmoja.

Mkopo huombwa kwa ushahidi

Mkopo wa elimu ya juu hutolewa kwa kuzingatia uhitaji, na uhitaji huthibitishwa kwa nyaraka. Yatima, mwenye ulemavu, kijana kutoka kaya inayonufaika na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), na aliyesomeshwa sekondari na mfadhili, kila mmoja ana uthibitisho wake wa kuambatisha. Hali ngumu ya familia inaweza kujulikana kijiji kizima, lakini isipoandikwa na kuthibitishwa katika fomu, mfumo hautaiona.

Mkopo hugusa maeneo mbalimbali, yakiwemo chakula na malazi, ada ya mafunzo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo na mafunzo kwa vitendo. Fedha ya chakula na malazi iliongezwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Si kila mwombaji hupata asilimia mia moja katika kila eneo, hivyo familia inapaswa kujiandaa kwa sehemu ya ada, nauli na matumizi ya wiki za mwanzo.

Ni vyema pia kijana aelewe kuwa mkopo ni deni. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi atakapomaliza kulipa. Fedha hizo ndizo husaidia kuwakopesha wanafunzi wanaofuata.

Mwaka 2024 dirisha la maombi ya mkopo lilifunguliwa mwezi Juni, kabla ya matokeo kutangazwa Julai. Anayesubiri matokeo ndipo aanze kutafuta saini ya Serikali ya Mtaa na ya wakili au hakimu huwa amepoteza wiki za thamani. Kwa anayekwenda JKT, nakala za nyaraka zote zilizohakikiwa ziachwe kwa mzazi au mlezi anayeaminika, na yeye mwenyewe aondoke akiwa na nakala na kumbukumbu za namba zake muhimu.

Kwa wanaofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, upo ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, unaowalenga wahitimu wa kidato cha sita wanaojiunga na fani za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba.

Anayekosa pointi bado ana njia

Kukosa pointi 4.0 si mwisho wa safari. Mhitimu anaweza kusoma stashahada katika chuo kinachotambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), na akipata wastani usiopungua 3.0 anaweza kuomba shahada kwa kuzingatia masharti ya programu husika. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, HESLB imekuwa ikitoa mikopo pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Anayefuata njia hiyo huchukua muda mrefu zaidi kufika, lakini hufika akiwa tayari na ujuzi wa kazi mkononi.

Kazi ya sasa

Mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kuanza wiki hii. Asome mwongozo wa TCU na kuandika programu tatu anazozitaka pamoja na masomo yanayotakiwa kwa kila moja. Likizo ijayo, akae na mzazi au mlezi walinganishe majina katika vyeti na kuanza uhakiki RITA. Kabla ya kuingia kidato cha sita, awe na barua pepe na namba ya simu ya kudumu. Kabla ya mtihani wa Mei, nyaraka zote ziwe katika bahasha moja, na mtu mmoja nyumbani ajue ilipo.

Hapo, matokeo yatakapotangazwa, familia itakuwa na jambo moja tu la kujadili: alama alizopata kijana. Mengine yote yatakuwa yamekwishakamilika.