Toroli Limtue Mama Mzigo

Dumu moja la lita 20 lina maji ya kilo 20. Mama akienda kisimani mara tatu, amekwisha kujitwisha kilo 60, tena pengine na mtoto yu mgongoni. Je, baba, umepata kuhesabu hayo?

Toroli laweza kuyaleta madumu hayo matatu kwa safari moja. Si chombo kipya: Wachina walikuwa nalo katika karne ya 2 baada ya Kristo. Wao wengi waliliweka gurudumu katikati, chini ya mzigo, hata karibu uzito wote ukabebwa na gurudumu. Letu lina gurudumu mbele, kwa hiyo mikono nayo hubeba sehemu yake. Basi, namna ya kupakia ndiyo kazi yenyewe. Tuseme toka ekseli hadi mahali pa kushika ni sentimita 150. Kilo 60 zikikaa katikati, mikono huinua kilo 30. Uzisogeze mbele, ziwe sentimita 50 tu toka ekseli, nawe utainua kilo 20, bila kuhesabu uzito wa toroli lenyewe. Wengi hupakia karibu na tumbo lao, kisha hulalamika kwamba toroli ni zito!

Tena lapita katika njia nyembamba ya miguu, mahali ambapo mkokoteni wa ng'ombe hauwezi kupita.

Mwanamume anayeona haya kujitwisha maji hana sababu ya kuona haya kusukuma toroli. Lakini tuseme kweli: mara nyingi toroli likifika nyumbani, baba hulichukua kupeleka mahindi sokoni, na mama hurudia kata yake kichwani kama zamani. Hayo mpatane kabla ya kutoa fedha. Alfajiri liende kisimani kwanza.

Asiye na fedha za kununua la chuma amwendee seremala. Gurudumu lisikatwe kama kipande cha gogo, maana likikauka litapasuka. Mbao zipigiliwe misumari tabaka mbili, moja ikikingama juu ya nyingine, kisha zikatwe mviringo na kuvikwa ukanda wa chuma. Gurudumu kubwa huvuka mashimo na mawe kwa urahisi kuliko dogo. Ekseli itiwe grisi kila juma, na usiku toroli liingizwe ndani, kwa kuwa mvua huozesha mbao.