Kuambiwa Si Kufundishwa: Namna ya Kumzoeza Mtoto Kazi na Tabia Njema

Wazazi wengi, wa shamba na wa mjini, hulalamika kwa maneno yale yale. Mtoto ameambiwa mara nyingi anawe mikono kabla ya kula, wala hanawi. Ameonywa asiache jembe nje usiku, na asubuhi jembe laonekana limelala katika umande. Wazazi hao hudhani kwamba mtoto ana masikio mazito, nao huongeza sauti au hushika fimbo. Lakini mara nyingi kasoro haiko kwa mtoto. Iko katika njia ya kufundisha. Hapana mtu aliyejua kupanda baiskeli kwa kuambiwa tu. Alishikiwa, akasukumwa, akaanguka, akapanda tena. Kazi za nyumbani na tabia njema hufundishwa kwa njia hiyo hiyo.

Kazi yenye maana

Jambo la kwanza ni kumpa mtoto kazi ambayo nyumba inaihitaji kweli. Habari hii ilichunguzwa hapa Kenya zamani. Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili wa Marekani, Robert na Barbara LeVine, walikaa katika nchi ya Wagusii, mahali walipopaita Nyansongo katika maandishi yao, wakaandika jinsi watoto walivyolelewa huko. Wenzao walifanya vivyo hivyo katika Meksiko, Ufilipino, Uhindi, kisiwa cha Okinawa, na mji mmoja mdogo wa Marekani. Beatrice na John Whiting walilinganisha habari za mahali hapo sita katika kitabu kilichotolewa mwaka 1975. Ilionekana kwamba watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa wale waliowazidi wengine kwa kusaidia watu na kujali wajibu wao, na watoto wa mji ule wa Marekani walikuwa nyuma kwa mambo hayo.

Sababu yake ni rahisi kufahamu. Mama wa Nyansongo alikuwa mkulima, na bila msaada wa watoto kazi yake isingekwisha. Mtoto alikabidhiwa kuni, maji na ndugu yake mdogo. Alijua kwa macho yake kwamba maji yasipoletwa, hapana chakula jioni. Mtoto wa Marekani aliambiwa zaidi kupanga vitu vyake mwenyewe chumbani, na asipovipanga, hapana aliyelala njaa. Kazi isiyo na maana machoni pa mtoto haimfundishi wajibu.

Wala wavulana wasiachwe nje ya kazi za jikoni. Mtaalamu aitwaye Carol Ember alichunguza wavulana Wajaluo wa Oyugis, akatoa maandishi yake mwaka 1973. Wale waliozoezwa kazi za ndani zilizodhaniwa kuwa za wasichana walionekana kuwa wapole zaidi kwa wenzao kuliko wavulana wengine. Kwa hiyo mzazi amfundishaye mwanawe wa kiume kupika na kulea hamharibu. Amtayarisha kuwa baba mwema.

Hata hivyo kazi isimzidi mtoto nguvu, wala isimwibie shule. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2013 elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto na ni lazima. Kazi ya nyumbani yafaa iwe ndogo, ya kila siku, yenye kuacha nafasi ya masomo na michezo.

Kuigawanya kazi

Jambo la pili ni kuikata kazi vipande vidogo. Mfano ni kufua sare ya shule, kazi ambayo mtoto wa miaka minane aweza kuijifunza, akiwa kijijini au katika chumba kimoja mjini. Siku ya kwanza mama hufua mwenyewe, akisema kila afanyalo: hii ni kola, hapa uchafu hushika zaidi. Mtoto husuuza soksi tu. Wiki ifuatayo mtoto hufua kola na soksi, mama humaliza nguo iliyobaki. Baadaye mtoto hufua yote, mama amekaa karibu naye akichambua mboga. Mwisho mama huenda zake shambani, na sare yakutwa imeanikwa.

David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walieleza njia hii mwaka 1976, baada ya kuwaangalia watoto wa miaka mitatu hadi mitano wakijenga kwa vipande vya mti. Waliona kwamba mwalimu mwema hubeba ile sehemu tu ambayo mtoto hajaiweza, na ile aiwezayo humwachia. Kadiri mtoto aendeleavyo, msaada nao hupungua.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea. Mama amwona mtoto akichelewa na kumaliza sabuni, basi amnyang'anya nguo na kusema, "Ondoka, nitafua mwenyewe." Siku hiyo nguo zitatakata upesi, lakini mtoto amejifunza kwamba kazi hiyo si yake. Baada ya miaka sita mama yule yule atalalamika kwamba ana kijana mkubwa asiyejua kufua. Kipande cha sabuni kinachopotea ni karo ya somo hilo, nayo ni karo ndogo sana.

Tabia hutaka mahali na wakati

Tabia njema ni kazi ambayo mtu huifanya bila kukumbushwa. Ili ifike hapo, hapana budi ifungwe katika jambo litokealo kila siku. Kumwambia mtoto "uwe safi" hakumwonyeshi la kufanya. Afadhali aambiwe, "Utokapo chooni, kanyaga kijiti hiki, unawe kwa sabuni."

Kijiti hicho ni cha kibuyu chirizi, ambacho baba na mtoto waweza kukitengeneza pamoja kwa muda mfupi. Huchukuliwa jerikeni ya lita 5, hutobolewa tundu dogo karibu na shingo, hujazwa maji, kisha hutundikwa katika mti uliolazwa juu ya panda mbili, karibu na mlango wa choo. Kamba hufungwa shingoni na kuteremshwa hadi kijiti kilicho chini. Mguu ukikanyaga kijiti, jerikeni huinama na maji hutiririka. Kipande cha sabuni hutundikwa kando yake. Mtoto aliyesaidia kukitengeneza ndiye apewe kazi ya kukijaza maji kila asubuhi, naye atakuwa mwalimu wa wadogo zake.

Jambo hili si dogo. Kuhara ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi walio chini ya miaka mitano duniani, na kunawa kwa sabuni ni kinga isiyo na gharama kubwa.

Wala mzazi asikate tamaa upesi. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha London walitoa habari mwaka 2010 za watu 96 waliojaribu kujizoeza jambo moja dogo la kila siku. Ilichukua kwa wastani siku 66 hata jambo likawa mazoea. Wengine walihitaji siku 18 tu, na wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Tena, kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Ikiwa watu wazima walihitaji miezi miwili, mtoto asilaumiwe baada ya wiki moja.

Sifa na fimbo

Mtoto akifanya vema, asifiwe kwa lile alilolifanya. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha huko Marekani mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa bidii yao waliendelea kujaribu walipopewa mafumbo magumu, na waliosifiwa kwa akili yao walivunjika moyo upesi. Basi "Umesugua kola hata ikatakata" ni sifa bora kuliko "Wewe ni mtoto hodari."

Fimbo nayo haifundishi kazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yakataza mtu yeyote kuadhibiwa kwa kupigwa. Mtoto apigwaye kwa kuvunja kikombe hujifunza kuficha vigae. Aliyeonyeshwa namna ya kukishika, akaokota vigae mwenyewe kwa uangalifu, hujifunza kuosha vyombo.

Zaidi ya yote, mtoto hufuata aonalo. Baba asiyenawa mikono hawezi kuwa na nyumba inayonawa. Yafaa mzazi achague kazi moja tu wiki hii, amwonyeshe mtoto, aifanye pamoja naye, kisha amwachie, na asimnyang'anye hata akikawia. Kazi hiyo ikiisha kuwa ya mtoto, ndipo iongezwe ya pili.